Mwaka Nilipowapanga Wazazi Duara

Mwezi uliopita tulikutana Nyanchwa, walimu sita tuliokwisha kustaafu, nyumbani kwa mwenzetu ambaye baraza lake linatazama mji wote wa Kisii. Tulikula ugali wa wimbi, kuku wa kienyeji, na chinsaga, yale majani machungu ya kwetu ambayo huchemshwa na maziwa mpaka ukali wake uishe. Tulizungumza habari za magoti, za sukari, na za wajukuu wanaotufundisha kutumia simu. Kisha Ombati, ambaye zamani tulifundisha pamoja karibu na Birongo, akaweka kijiko chini, akanitazama kwa macho ya utundu na kuuliza mbele ya watu wote, "Kwamboka, tushikane mikono kwanza?" Wawili waliokijua kisa hicho waliangua kicheko. Mimi nilipaliwa na chai, nikapigwa mgongoni, machozi yakanitoka, na bado nikawa nacheka. Wengine walidai waelezwe, na nilipomaliza kuwaeleza mwenye nyumba akaniambia niandike. Basi ninaandika. Nimefundisha zaidi ya miaka thelathini, nimeongoza shule mbili, moja Mosocho na nyingine upande wa Nyamira, na utafiti wangu umesomwa na watu ambao sitawahi kuwaona. Lakini nikiulizwa kazi hii nilijifunza lini, jibu langu ni mwaka mmoja tu, na mwaka huo nilikuwa mjinga sana.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, sijaolewa, nina shahada ya kwanza na nusu ya tasnifu ya uzamili. Nilikuwa nimesoma kila kitabu kilichopatikana maktabani juu ya kumfundisha mtoto mzima: akili yake, mikono yake, moyo wake na watu wake. Kilichobaki kilikuwa mtoto mwenyewe. Mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi, Bwana Onchari, alikubali nifundishe darasa la sita mwaka mzima huku nikikusanya habari za utafiti wangu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye koti la kijivu lililojaa chaki mifukoni, na aliamini hesabu kuliko alivyoamini dawa. Alinipa alasiri moja kwa wiki, Ijumaa. "Hiyo ni ya mambo yako ya mtoto mzima," aliniambia. "Lakini Jumatatu nikimpata amevunjika mguu, tutaongea." Siku hizi mtaala mpya umeyaweka mambo hayo vitabuni na kila mwalimu anayasema kwenye semina bila kukohoa. Wakati ule niliyasema peke yangu, na kwa kiburi kidogo.

Nilipanga chumba kwa mama mzee mmoja mjane ambaye kijiji kizima kilimwita Magokoro, yaani nyanya. Chumba kilikuwa na kitanda, meza inayocheza mguu mmoja, dirisha linalotazama mashamba ya majani chai, na ukuta wa mbao uliokitenga na jiko lake. Ukuta huo ulizuia moshi kidogo, na maneno haukuzuia hata moja. Asubuhi niliamka kwa sauti ya mwiko kwenye sufuria ya uji, na kabla sijavaa viatu nilikuwa nimeshajua nani amejifungua, nani amekosana na kwaya, na ng'ombe wa nani amekula mahindi ya nani. Alinipa ndizi za kuchemsha, parachichi, na kikombe cha maziwa yaliyoganda, akakaa kunitazama mpaka nimalize. "Umesoma sana," alipenda kusema, "lakini umekonda." Nilimpenda tangu juma la kwanza, na nadhani yeye alinionea huruma tangu siku ya kwanza.

Ijumaa zile zilikuwa tamu. Tulitoka na kamba ya katani tukapima shamba la shule, watoto wakarudi darasani wakiwa na matope hadi magotini na maswali kuhusu eneo ambayo sikuhitaji kuyaandika ubaoni. Tulipika mboga, tukahesabu ni sufuria ngapi zingeshibisha darasa zima, tukakosea, tukala pungufu, tukahesabu tena. Walienda kuwauliza babu na bibi zao jinsi kilima chetu kilivyopata watu, wakaja na hadithi zinazopingana, wakabishana kwa sauti ambayo ilimtoa Bwana Onchari ofisini. Palikuwa na msichana mmoja, Bosibori, ambaye tangu Januari hakuwa amefungua mdomo darasani. Ukimuuliza jambo, alitazama kucha zake. Ijumaa moja nilikuwa nawaonyesha jinsi ya kung'oa chipukizi la mgomba, na kwa hakika nilikuwa nalichana vibaya. Bosibori akainuka, akaja mbele, akanichukulia panga kwa heshima na kusema, "Mwalimu, hivyo unaua mama yake." Kisha akatufundisha nusu saa nzima. Nilikaa chini kwenye nyasi pamoja na wanafunzi wengine, nikasikiliza, na furaha niliyoipata hapo sijaipata katika kongamano lolote.

Wazazi hawakuona hivyo. Kufikia Mei niliwasikia kupitia ukuta wangu. "Jembe liko nyumbani," sauti moja ya kiume ilimwambia Magokoro alipokuwa akimpimia maziwa. "Mimi nimempeleka mtoto shule alikimbie, mwalimu anamrudisha." Mwingine alisema huyo ni msichana wa mjini aliyekuja kuchezea watoto wa watu. Manung'uniko yakamfikia Bwana Onchari, naye akaniita. Aliongea kwa upole, jambo lililonitisha zaidi. "Itisha mkutano," alisema. "Waonyeshe, wasikilize. Wakikubali, Ijumaa ni yako mpaka utakapoondoka. Wakikataa, narudisha hesabu, na hiyo tasnifu utatafuta pengine pa kuiandikia." Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilikuwa nimesomea mikutano.

Siku hiyo walikuja wengi kuliko nilivyotarajia: baba, mama, na wazee kadhaa waliotaka kujua mjukuu anafundishwa nini. Bwana Onchari alikuwa ameitwa ofisi ya elimu, hivyo nilibaki na Ombati, aliyeshika birika la chai. Watu walipoingia darasani walijigawa wenyewe. Wazee walichukua mabenchi ya mlangoni, wanaume wengine ukuta wa kushoto, na wanawake walijisogeza dirishani, walioolewa majuzi nyuma kabisa ya wenzao. Niliwatazama nikaona ukale mtupu. Nikapiga moyo konde. Niliwaambia kwa tabasamu kwamba hapa sote ni sawa, nikawaomba wasimame, nikayapanga mabenchi duara, na nikawaketisha mimi mwenyewe, mwanamume, mwanamke, mwanamume, mwanamke. Walitii. Mimi ni mwalimu, na kwetu mwalimu akikwambia keti, unaketi. Babu yake Bosibori, Mzee Nyakundi, mtu aliyeheshimiwa vilima vitatu, nilimweka karibu na Kerubo, mamake Bosibori, mke wa mwanawe. Niliona hilo ni jambo zuri sana, familia moja pamoja. Benchi lilikuwa fupi.

"Sasa," nikasema, "kabla hatujaanza, mshike jirani yako mkono, mtazame machoni, umwambie jambo moja unalolipenda kwake." Tulikuwa tumefanya hivyo chuoni, na watu walilia kwa furaha. Humu darasani hakuna aliyesogea. Kerubo alikuwa ameificha mikono yote miwili chini ya leso na anatazama sakafu kana kwamba imeandikwa kitu. Jasho lilikuwa likimtoka kijana mmoja mnene upande wa pili, ambaye baadaye nilijua nilimketisha na mama mkwe wake. Mzee Nyakundi alisafisha koo, akainuka polepole. "Mwalimu," akasema, "nimeacha ng'ombe." Akatoka. Ng'ombe wake nilikuwa nimewaona asubuhi, wamefungwa salama. Kerubo naye akakumbuka sufuria motoni, ingawa alikuwa ametoka sokoni Birongo moja kwa moja. Mwingine aliacha mlango wazi, mwingine aliacha mtoto, mwingine hakusema alichoacha. Haikupita muda mrefu nikabaki na mabenchi ya duara, sinia mbili za maandazi, na Ombati aliyesimama na birika lake bila kumtazama mtu. Swali nililowaitia sikuwahi kuliuliza.

Bwana Onchari aliporudi alinikuta nafagia. "Wamekubali?" aliuliza. "Wameondoka," nikamwambia. Alichukua chaki, akaenda kwenye ratiba iliyokuwa nyuma ya mlango na kuandika Hesabu kwenye Ijumaa. Jioni hiyo niliandika kurasa sita kwa msimamizi wangu chuoni, nikieleza kwa lugha ya kitaalamu kwamba wazazi wa eneo hili wanapinga elimu ya vitendo, na nikatoa sababu nne. Kurasa zilirudi baada ya majuma mawili. Hakusahihisha chochote. Juu ya ukurasa wa kwanza aliandika kwa wino mwekundu, "Walisema nini hasa?" Nilikasirika siku nzima, kwa sababu hawakuwa wamesema lolote. Kilichoniuma zaidi ya tasnifu kilikuwa Bosibori. Ijumaa ya kwanza ya hesabu alirudi kutazama kucha zake. Nilimuuliza swali jepesi, akatikisa kichwa. Nilitoka nje nikajitia natafuta chaki, nikalia nyuma ya tangi la maji.

Ilikuwa Sabato moja ya Juni ndipo nilipojua. Nilirudi mapema kutoka kanisani, nikawa nakula chumbani kwangu chakula kilichopikwa Ijumaa, ndizi na maharagwe baridi. Upande wa pili wa ukuta Magokoro alikuwa na mgeni, mama mmoja wa kanisani kwao, na walikuwa wakicheka mpaka wanakosa pumzi. "Akamwambia Nyakundi amshike mkono mkaza mwana wake!" alisema mgeni. "Na amtazame machoni!" akasema Magokoro. "Na amwambie anachompendea!" Hapo wote wawili walipiga yowe, na kitu kikaanguka, nadhani ni kikombe. Nilibaki na kijiko hewani. Damu ilinipanda usoni mpaka masikio yakavuma. Kisha nikafanya jambo la busara kuliko yote ya mwaka ule. Nilibeba sahani yangu, nikazunguka, nikaingia jikoni na kusema, "Magokoro, nieleze."

Mgeni aliaga haraka. Magokoro alijifuta macho kwa ncha ya leso na kunikalisha kwenye kigoda. Alinieleza kwa Kigusii, taratibu, kama unavyomweleza mtu aliyeamka baada ya homa. Baba na mke wa mwanawe hawagusani, hawakai bega kwa bega, hawataniani, hawatajiani mambo ya kupendana. Ni haya inayoitwa ensoni, na ndiyo inayofanya watu waweze kuishi boma moja kwa amani. "Hukufunzwa?" aliuliza. Nilifunzwa. Nililelewa kwenye nyumba za walimu, sikuwa na mkwe, lakini neno nililijua vizuri. "Nilidhani linaishia kwenye lango la shule," nikasema. Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, lilikuja na watu. Na watu uliwapitisha langoni." Niliuliza mbona hakuna hata mmoja aliyeniambia. "Nani akwambie? Kerubo aje akusimulie alivyobanwa na mkwe wake? Jambo la haya halisimuliwi na mwenyewe." Jumatatu nilimkamata Ombati kwenye ukumbi wa walimu. Aliapa kwamba moyo ulimdunda tangu nilipoanza kupanga mabenchi. "Sasa mimi ni nani?" alisema. "Nikajua hiyo ndio mambo ya chuo kikuu."

Nimekaa na kisa hiki miaka mingi, na nimekitumia kufundisha walimu wengi, lakini bado kinanipa joto la aibu mashavuni. Nilikuwa na daftari lililojaa, nina sababu nne, na zote nilizitunga mwenyewe mezani. Siku ile watu hawakuikataa Ijumaa yangu. Waliukataa mkono wa mkwe. Baadaye, nikiwa mwalimu mkuu, kila mwalimu aliponiletea habari kwamba wazazi ni wagumu, wazazi hawajali, nilimuuliza aliwaketisha vipi. Wengine waliniona mama mzee wa ajabu.

Sabato ile ile jikoni Magokoro aliendelea kuongea huku akinijazia sahani. Alisema ensoni iko kati ya mzazi na mtoto, na kati ya mkwe na mkwe, lakini babu au bibi na mjukuu haiwahusu kabisa, hao hutaniana kama mke na mume. "Mjukuu wangu wa Nyamira ni mume wangu," alisema. "Mume mvivu. Akija hapa namuuliza nyama iko wapi." Niliacha kula. Nilimuuliza kama mtoto anaweza kuongea na babu yake jambo lolote, na kisha akaenda kwa mama yake akaongea lile lile. "Ndiyo kazi yao," alisema. "Unadhani mimi na baba mkwe wangu tulipelekeana habari namna gani miaka ishirini?" Hapo niliiona Ijumaa yangu ikirudi, na sikuwa nimeisoma popote.

Ilibidi kwanza niombe radhi, na Magokoro alisema hilo siwezi kulifanya mwenyewe. Alijifunga leso mpya, akapanda kwa Mzee Nyakundi, rika lake, na mimi nikabaki kwenye ua wa mimea nikisikiliza. Kisha nikasikia mzee akicheka, kicheko kizito kilichoishia kwenye kikohozi. Magokoro alirudi na ujumbe mmoja: "Anasema, mwambie mwalimu ng'ombe wamepatikana." Bwana Onchari alikuwa mgumu zaidi. Alinikubalia mkutano mmoja tu, mwisho wa Septemba. "Na siku hiyo nitakuwepo," alisema. "Kama kuna mtu atashikwa mkono, ni wewe, nikikusindikiza stendi."

Safari hii sikupanga hata kigoda. Nilifungua madirisha yote nikawaacha watu wakae walivyojua. Wazee walichukua baraza. Wake za wana wao waliingia darasani, wengi wakiupa mlango mgongo. Akina baba walisimama kando ya tangi la maji, mbali kiasi cha kutosikika na karibu kiasi cha kusikia. Watoto nikawaambia kitu kimoja: waonyesheni kwanza babu na bibi, kisha pelekeni habari kokote zinakotakiwa. Walitawanyika kama kuku waliofunguliwa. Mmoja alikuwa na historia ya kilima, mwingine mboga, mwingine ramani. Bosibori alikuwa amepima shamba la majani chai la babu yake kwa kamba na kulichora kwa vipimo kwenye karatasi kubwa. Mzee Nyakundi alilitazama, akasema si kweli, upande wa mtoni ni hatua sitini tangu enzi za baba yake. "Sokoro," Bosibori akamjibu, ndivyo tunavyomwita babu, "hiyo ni hatua za kitambo. Siku hizi unatembea kidogo kidogo kama bata." Baraza lote likavunjika mbavu. "Mnaona mke wangu huyu?" mzee akawaambia wenzake. "Mdomo wake ni mrefu kuliko wa yule wa kwanza." "Mimi sikutaki," akasema Bosibori. "Meno yako yameisha." Ndani ya darasa, Kerubo alikuwa ametazama ubao na kuziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Bosibori huyu ndiye msichana ambaye kwangu alitikisa kichwa.

Mwishowe Bwana Onchari alisimama mlangoni, kati ya baraza na darasa, akauliza wazi kama Ijumaa ibaki au irudi kuwa hesabu. Kukawa kimya. Waliokuwa ndani hawangesema kabla ya wazee, na wazee hawangewauliza waliokuwa ndani. Akina baba walitazama viatu. Ukimya ule niliujua, niliwahi kuuandikia kurasa sita, na safari hii nilijishika nisiufasiri. Mzee Nyakundi aliegemea fimbo yake na kumwita mjukuu. "Bosibori, enda umwambie mama yako, sokoro amekubali."

Kutoka baraza hadi pale alipoketi Kerubo ni hatua tano, na dirisha lilikuwa wazi. Kila mtu alikuwa amesikia. Hata hivyo Bosibori aliingia, akasimama mbele ya mama yake na kusema, "Sokoro amekubali." Kerubo aliutazama ubao. "Mwambie sokoro wako," alisema kwa sauti iliyofika tangini, "huku ndani tulikubali yeye akiwa bado anatafuta ng'ombe." Bosibori akatoka na kuyarudia yote, neno kwa neno, na mzee akayasikiliza kana kwamba ni mapya, akitikisa kichwa na kutabasamu. "Sawa," akasema. "Sasa mwambie mwalimu mkuu." Bwana Onchari alikuwa amesimama hapo hapo, kiwiko chake kikigusa bega la mzee. Alikuwa amesikia mara mbili. Lakini alijua adabu, akainama kutoka kule juu kwake, akatega sikio, akangoja aambiwe.

Bosibori alivuta pumzi. "Mwalimu," alisema, "wamekubali wote. Na mimi pia nimekubali." Watu wakapiga makofi, Bwana Onchari akajinyoosha na kunitafuta kwa macho, na mimi nikamtazama yeye, kwa sababu katika mwaka mzima ule, pamoja na vitabu vyangu na hesabu zake, hakuna kati yetu aliyekuwa amekumbuka kumuuliza.